Kukunja, kuviringisha, furushi au vifuko: nguo zako uzifungeje kwenye begi?

Kanzu niliyokusudia kuvaa kwenye nikaha ya binamu yangu ilitoka Dar es Salaam imenyooka, ikafika Tanga ina mistari kama mkeka. Nilikuwa nimeiviringisha, kwa sababu niliwahi kuona video za wasafiri wanaoapa kwamba nguo iliyoviringishwa haikunjamani. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Jirani akatuazima pasi ya mkaa, na kila aliyewahi kuishika pasi ya mkaa anajua kilichofuata: chembe moja ya jivu juu ya kola nyeupe, na nusu saa ya kuifuta. Shangazi alikuwa ameketi barazani ananitazama tu. Mwishowe akauliza, "Mwanangu, kwani kanga zimekwisha Dar, hata ukashindwa kuifungia humo?"

Tangu siku ile nimezijaribu njia zote nne ambazo watu hubishania, kwa basi, kwa boti, kwa treni na kwa ndege. Kila moja imewahi kuniokoa na kila moja imewahi kuniaibisha. Siku hizi kabla sijagusa zipu najiuliza: nikifika, pasi iko wapi, na nina saa ngapi kabla ya kuvaa? Aliye na siku nzima na dobi mtaa wa pili anaweza kufunga nguo apendavyo. Anayeshuka stendi saa nne asubuhi na anatakiwa ukumbini saa sita hana uhuru huo.

Tunapima nini

Nitazipima njia hizi kwa mambo manne.

La kwanza ni mikunjo, na hapo kitambaa kina sauti kubwa kuliko mkono wako. Pamba na kitani hunyonya unyevu. Unyevu hulegeza vifungo vidogo vinavyozishikanisha nyuzi, uzito wa begi unazipindisha, na zikikauka zimepinda zinabaki hivyo hivyo. Pasi ya mvuke nayo hupitia mlango huo huo: inalegeza kwanza, ndipo inanyoosha. Poliesta hainyonyi maji kiasi hicho, ndiyo maana abaya ya nida inaweza kukaa begini siku mbili ukaitoa na kuivaa. Sufu hujinyoosha ikitundikwa. Kitenge kipya ambacho bado kina wanga wa kiwandani hushika mstari kama karatasi. Kwa sisi wa pwani, tunaoanika nguo kwenye hewa nzito, kuna sharti moja kabla ya yote: nguo iwe kavu kabisa, na iliyotoka kwenye pasi iachwe ipoe. Ukiikunja ingali na joto, umeipiga pasi mikunjo yenyewe.

La pili ni nafasi. Hapa watu huchanganya ukubwa na uzito. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 kwa begi linaloingia chini na kilo 7 hivi kwa la mkononi (soma tiketi yako, maana yanatofautiana), na hakuna mtindo wa kukunja unaopunguza hata gramu moja.

La tatu ni kinga. Buti la basi lina vumbi, dumu la mafuta la mtu usiyemjua na kiroba cha dagaa. Kwenye boti kuna maji ya chumvi. Adui mwingine unamfunga mwenyewe humo ndani: soli za viatu, chupa ya mafuta ya nazi, kichupa cha uturi ambacho kifuniko chake hakikazi.

La nne ni usumbufu wa njiani: unachukua muda gani kupanga, na je, unaweza kutoa fulana moja bila kuuvuruga ulimwengu wote?

Kukunja bapa

Ndiyo njia ya dukani na ya kabatini: mikono nyuma, pande ndani, kati, basi.

Mikunjo. Nguo hupata mistari michache lakini mikali. Ukifuata mishono, kwa mfano suruali kwenye upinde wake wa pasi, mstari unaonekana wa makusudi. Ubaya uko tumboni mwa shati, pale linapokunjwa mara mbili. Unapunguza makali kwa kuweka karatasi laini au kanga kuukuu ndani ya mkunjo ili uwe mviringo. Kuna na ujanja wa kupishanisha: tandaza suruali chini ya begi miguu ikining'inia nje, panga nguo nyingine juu yake, kisha irudishe miguu ifunike. Goti linapinda juu ya kitu kinene, halivunjiki. Mkanda ukiviringishwa ndani ya kola ya shati huizuia kola isibonyee.

Nafasi. Hukaa vizuri kwenye kitu chenye pembe: sanduku, tranka la shule, begi gumu la magurudumu. Kwenye begi la mgongoni, au lile la turubai lenye miraba tunaloliita shangazi kaja, rundo linateleza na kuwa chandarua.

Kinga. Ya kawaida. Nguo ya juu na ya chini ndizo zinazopokea vumbi na majimaji, za katikati husalimika. Kwa hiyo juu na chini weka zile zisizokuuma.

Usumbufu. Kupanga ni haraka na kila mtu anajua. Kutafuta ndiyo kazi, kwa sababu fulana unayoitaka daima iko chini.

Inamfaa mwenye mashati ya kola, vitenge vilivyoshonwa, doti za kanga na sanduku gumu, na mwenye pasi huko aendako.

Kuviringisha

Kama mkeka. Laza nguo uso chini, rudisha mikono ndani, pitisha kiganja kutoa hewa, kisha viringisha kutoka pindo kwenda kwenye kola.

Mikunjo. Sasa naweza kueleza kanzu yangu ilipatwa na nini. Kuviringisha huondoa ule mstari mmoja mkali wa katikati, na kwa fulana, jinzi, madera ya poliesta, nguo za michezo na za watoto matokeo ni mazuri sana. Lakini kwa pamba nyembamba iliyonyooshwa, kila mkunjo mdogo unaoukosa kwa kiganja unafungwa humo ndani na kukandamizwa mzunguko baada ya mzunguko. Unapata mistari midogo mingi badala ya mmoja mkubwa. Mmoja unaweza kuuficha chini ya koti. Mingi huwezi. Suti usijaribu kabisa, mabega yake yana pamba na kitambaa kigumu ndani ambacho hakijui kuviringika.

Nafasi. Sifa zake nyingi ni za kweli, ingawa zimetiwa chumvi. Kitambaa hakipungui, unachokitoa ni hewa, na vibumba, yaani nguo zilizokwisha kuviringishwa, vinaingia kwenye vipenyo ambavyo rundo bapa huviacha: pembeni, kati ya vyuma vya mkono wa begi, ndani ya viatu. Kwenye begi la mgongoni hakuna njia nyingine inayoifikia.

Kinga. Tabaka la nje la kila kibumba ndilo linaloumia. Mafuta yakimwagika, yanachafua vibumba kadhaa kidogo kidogo badala ya kuozesha nguo moja. Sijui lipi bora.

Usumbufu. Ukivipanga vimesimama kama chupa kwenye kreti, unaona kila kitu kwa mara moja. Ila vibumba vilivyolegea hufunguka njiani, na basi likipita barabara ya matuta utakuta saladi. Dawa ni kugeuza pindo la chini la fulana nje kama sentimita saba kabla ya kuanza, kisha ukimaliza unalirudisha lifunike kibumba kama soksi.

Inamfaa mwanafunzi, mpanda mlima, msafiri wa begi moja, na yeyote ambaye nguo zake nyingi ni fulana.

Furushi

Njia hii imepewa majina ya kisasa na walimu wa mtandaoni, lakini neno letu lilikuwepo kabla yao. Furushi. Tofauti na lile la bibi ni mpangilio wa ndani.

Inahitaji kitanda. Tandaza kanga kwanza, ndiyo itakayofunga yote. Juu yake laza koti, uso chini, mikono imenyooshwa pembeni. Juu ya koti kanzu au gauni refu, kisha mashati, kola ya hili upande huu na ya lile upande wa pili, kisha suruali moja kwa kulala na moja kwa kusimama. Katikati weka kiini: mfuko laini uliojaa soksi, chupi na fulana za ndani, ukubwa wa karatasi ya A4 au zaidi kidogo. Sasa anza na nguo ya juu kabisa. Irudishe juu ya kiini, ivute kidogo tu, ipapase. Inayofuata vivyo hivyo, mkono kwa mkono, pindo kwa pindo, hadi koti lenyewe likumbatie vyote. Mwisho funga ncha za kanga.

Mikunjo. Kwa nguo ndefu na nguo za heshima sijaona inayoishinda. Mkunjo mkali huzaliwa pale kitambaa kinapogeuka ghafla. Kikigeukia juu ya kitu kinene na laini, mpindo unasambaa na mstari haupati pa kukaa. Kadiri nguo ilivyo nje ndivyo inavyopinda kwa upole zaidi, kwa hiyo ile unayoiogopea iwe ya nje. Hata hivyo kitani kitakunjamana tu. Kitani ni kitani.

Nafasi. Furushi linajaza sehemu ya katikati ya begi na kuziacha pembe wazi, ambapo unaweka viatu na chaja. Kwenye begi kubwa lililo nusu tupu linatembea huku na huko, linalegea, na faida yote inakwisha. Lifungwe kwa zile kamba za ndani za begi.

Kinga. Kanga ya nje inabeba vumbi lote, na ukifika unaikung'uta na kuivaa au kujitandia. Hatari yake ni ya kimya: kiini kikiwa na kitu chenye majimaji, kila nguo inayokizunguka inalowa. Vipodozi visikaribie furushi.

Usumbufu. Hapa ndipo linapolipia. Ukitaka soksi, unafungua harusi nzima. Mkaguzi akiamua kuona kilicho ndani, nidhamu yako inaishia mezani mbele ya foleni, na hakuna kitanda cha kuanza upya. Kupanga kunachukua dakika 15 ukiwa umezoea, zaidi ya hapo ukiwa na watoto chumbani.

Inamfaa anayekwenda mahali pamoja, akifika anafungua mara moja na kutundika. Watu wa harusi, maulidi, mahafali, usaili wa kazi.

Vifuko vya kupangia

Ni vile vifuko vya nailoni vyenye zipu na wavu juu, vinavyouzwa kwa seti za ukubwa tofauti. Si lazima ununue. Fundi cherehani atakushonea vitatu kwa mabaki ya kitenge na zipu tatu, na vitakuwa vizuri zaidi kuangalia.

Mikunjo. Kifuko chenyewe hakikunji wala hakinyooshi. Ndani yake bado unakunja bapa au unaviringisha, na kitambaa kitafuata tabia yake. Kinachobadilika ni kwamba nguo hazitelezi tena, na kuteleza ndiko huharibu mikunjo uliyoipanga kwa uangalifu. Ukikijaza mpaka zipu ilie, umetengeneza tofali.

Nafasi. Vinakula kidogo, lakini vinarudisha kwa nidhamu. Viko vyenye zipu ya pili ya kubana, na iko mifuko ya kunyonya hewa inayoligeuza blanketi kuwa ubao. Kwa sweta na blanketi za kwenda nchi ya baridi hiyo mifuko ni msaada mkubwa. Kwa shati ni adhabu, maana hakuna mikunjo inayoshika kama ile iliyobanwa bila hewa kwa saa kumi. Na kumbuka mzani: begi linaonekana dogo, unaongeza vitu, na kaunta inakusomea kilo 27.

Kinga. Vizuri kwa vumbi, vizuri sana kwa kutenga nguo chafu na safi, dhaifu kwa maji kwa sababu ya ule wavu. Viatu havihitaji kifuko cha kununua, foronya ya zamani inatosha. Zamani tungetumia rambo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Rwanda tangu 2008, na mipakani mizigo hukaguliwa. Vile vifuko vidogo vyenye zipu vya kuwekea vipodozi, Tanzania iliviruhusu kwa msafiri mradi aondoke navyo.

Usumbufu. Hakuna njia inayoikaribia hii. Kifuko cha baba, cha mama, cha mtoto. Kwenye vituo vya treni vya Nairobi na Mombasa, ambako mabegi hupangwa chini yapitiwe na mbwa wa kunusa kisha yanaingia kwenye mashine, mwenye vifuko hana wasiwasi: akiambiwa afungue, anatoa, anaonyesha, anarudisha.

Vinamfaa anayelala sehemu tofauti kila usiku, familia, na mtu ambaye begi lake likifunguliwa mara ya pili huwa halifungiki.

Sasa, wewe uko wapi?

Unakwenda harusini na unavaa siku ile ile unayofika: furushi, na nguo ya shughuli iwe ya nje. Ukiwa umeifukiza udi, iache itulie na ipoe kabla hujaifunga. Kama nguo hiyo ni gauni lenye shanga au lesi nzito, ligeuze ndani nje kwanza ili shanga zisikwaruze nyingine.

Unakwenda semina Dodoma siku mbili, na suti moja: kama una mfuko wa suti, utundike mkononi, basi. Kama huna, geuza bega moja la koti ndani nje, ingiza bega la pili humo, kunja mara moja kati na uliweke juu ya kila kitu. Mashati mawili yakunje bapa. Furushi kwa siku mbili ni kazi nyingi kwa nguo chache, ingawa najua watu wanaolifanya na wanapendeza.

Simu ya msiba imeingia usiku na basi linaondoka alfajiri. Hapa hakuna kitanda wala karatasi laini. Viringisha zinazoviringika, kunja kitenge na kanga bapa, ondoka.

Familia yenye watoto watatu wanaokwenda kwa bibi likizo ndefu: vifuko, rangi moja kwa kila mtoto, na ndani viringisha. Kifuko kimoja kibaki kitupu kwa nguo chafu.

Mwanafunzi wa bweni mwenye tranka: bapa. Tranka lina pembe, sare zina mstari wa pasi unaotakiwa kuonekana, na viatu vinakaa chini ndani ya foronya.

Unatoka Muscat au London na zawadi za ukoo mzima: anza na mzani, si na mtindo. Doti, vitambaa na abaya zilizomo kwenye mifuko yake ya dukani zibaki bapa kama zilivyokunjwa, nguo zako mwenyewe ziviringishe zijaze pembe. Viatu na vitu vizito vikae upande wa magurudumu, la sivyo begi likisimamishwa vinashuka juu ya nguo.

Na wengi wetu, tukisema kweli, tunachanganya. Begi langu la Tanga siku hizi lina kifuko kimoja cha fulana zilizoviringishwa, furushi dogo la kanzu na koti, na mashati mawili bapa juu. Kanga ya nje ni ya shangazi. Aliniazima ile safari ya kwanza, na kila nikienda naambiwa niirudishe, na kila nikiondoka ananifungia nayo tena.

Kofia sikuiingiza kwenye ulinganisho huu. Kofia ya viua iliyofuliwa, ikatiwa wanga na kusimamishwa vizuri haina njia salama ndani ya begi lolote. Ivae.